KAZI KATIKA KITUO CHA SIMYULETA: JE, NI NJIA YA KUWA RUBANI?

Kila mwaka katika ukurasa huu wa masomo na kazi huwa tunachagua swali moja tuliloulizwa na kulijibu kwa kirefu. Mwaka huu swali limetoka kwa mzazi. Mwanawe alisoma hapa kwetu tangu Juzuu Amma, kisha akaenda nje kusomea urubani, na familia ikauza kiwanja ili kulipa ada. Sasa kijana ana leseni ya rubani wa biashara na saa 210 za kuruka, na kwa mwaka mzima hakuna shirika la ndege lililomjibu. Mwishowe amepata barua ya kazi kutoka nchi moja ya Ghuba, lakini si kazi ya kurusha ndege. Ni kazi ya kukaa ndani ya simyuleta, katika kituo wanakofundishwa marubani. Mzee akatuuliza: "Walimu wangu, kiwanja kimekwenda, na mtoto anaajiriwa kucheza gemu?"

Swali hili lina uchungu ndani yake, na hatukutaka kulijibu kwa maneno ya kutuliza tu. Tulikaa tukalisoma jambo lenyewe, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Simyuleta ni nini hasa?

Simyuleta ni mashine inayoiga ndege. Ndani yake mna chumba cha rubani kamili: viti viwili, usukani, vipimo na swichi zote, kama vilivyo katika ndege ya aina hiyo. Nje ya vioo huonekana picha ya uwanja wa ndege, mawingu, mvua au usiku. Chumba chote kimesimama juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika, na hiyo miguu ndiyo inayokitikisa, kukiinamisha na kukiinua.

Wanafunzi wa fizikia wataipenda hii. Ndege inapokimbia kwenye njia yake ya kurukia, rubani huhisi mgongo wake ukisukumwa kwenye kiti. Simyuleta haiwezi kukimbia, imefungwa sakafuni. Basi hufanya nini? Hukiinamisha chumba nyuma polepole, na uzito wa mwili wa rubani mwenyewe ukauegemeza mgongo wake kitini. Macho yanaona njia inakimbia mbele, sikio la ndani linahisi msukumo, na akili inaamini kwamba ndege inaongeza mwendo. Simyuleta za daraja la juu kabisa, ambalo Marekani huitwa daraja D, huiga kwa usahihi kiasi kwamba rubani mzoefu anaweza kujifunza aina mpya ya ndege humo tu, na mara yake ya kwanza kuitua ndege yenyewe ikawa na abiria ndani.

Na mzee wetu aliposema "gemu" hakuwa mbali sana na historia. Aliyetengeneza mashine ya namna hii iliyokuja kupata sifa ni Edwin Link, Mmarekani ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, New York. Mwaka 1929 alichukua mivuo na pampu za hewa za vinanda akazitumia kukiyumbisha chumba kidogo chenye umbo la ndege. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya michezo, watoto wakilipa ili wayumbishwe! Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, marubani wengi wakafa kwa muda mfupi kwa sababu hawakuzoea kuruka gizani na mawinguni wakitegemea vipimo peke yake. Hapo ndipo jeshi liliponunua mashine sita za Link. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 10,000.

Mashine inayookoa watu

Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United Airlines aina ya DC-10 ilikuwa angani Marekani ikiwa na watu 296. Injini ya mkiani ilipasuka, na vipande vyake vikakata mabomba ya mafuta yanayoendesha mifumo yote ya usukani. Kapteni Al Haynes akishika usukani, ndege haikutii. Kati ya abiria alikuwamo Denny Fitch, mkufunzi wa marubani wa DC-10 katika shirika hilohilo, akirudi nyumbani kutoka kazini. Baada ya ajali ya ndege ya Japan Airlines ya mwaka 1985, ambayo nayo ilipoteza usukani wote, Fitch alikuwa amejiuliza: ingekuwa mimi, ningefanyaje? Akaingia katika simyuleta na kujaribu kuiongoza ndege kwa nguvu za injini tu, kuongeza huku na kupunguza kule. Siku hiyo akaitwa chumba cha marubani, akapiga magoti katikati ya viti na kushika vidhibiti vya injini kwa mikono yake. Wakaifikisha ndege uwanja wa Sioux City. Iliangukia uwanjani na kuvunjika, lakini watu 184 walinusurika.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikaanguka dakika chache baadaye. Watu wote 157 walifariki, 32 kati yao ni Wakenya. Miezi mitano kabla, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Kosa lilikuwa katika ndege yenyewe: programu iliyosukuma pua chini kwa kuamini kipimo kimoja kibovu. Lakini jambo moja likajulikana kwa wote. Marubani wa 737 za zamani walihamishiwa kwenye MAX kwa somo la kompyuta tu, bila kuingia katika simyuleta, kwani mafunzo ya simyuleta yana gharama na yangeharibu biashara. Ndege hizo ziliporuhusiwa tena Marekani mwezi wa Novemba 2020, sharti mojawapo lilikuwa kila rubani apite kwanza kwenye simyuleta.

Kwa hiyo, mzee wetu, kituo hicho si mahali pa kuchezea.

Kijana atafanya kazi gani huko?

Katika vituo hivi mna mafundi wanaozitengeneza mashine, wapanga ratiba, walimu wa darasani, na wakufunzi wanaokaa nyuma ya marubani wakiwatupia matatizo: injini imezimika, moshi umeingia, upepo umegeuka ghafla. Kazi aliyopewa kijana wetu ni ya kukalia kiti cha pili. Ndege kubwa huendeshwa na watu wawili, na mafunzo yake ni ya watu wawili. Shirika likimleta rubani mmoja, au mwenzake akiugua, kituo humpa mtu wa kukaa upande wa pili, asome orodha za ukaguzi, akunje magurudumu, ajibu redio. Mtu huyo hatahiniwi. Anamsaidia mwingine atahiniwe.

Sasa tuseme ukweli ambao barua za kazi hazisemi kwa sauti kubwa. Saa hizo hazihesabiwi kuwa saa za kuruka. Leseni ya juu ya rubani wa mashirika ya ndege, kwa kanuni za kimataifa za ICAO, inataka saa 1500. Nchi ikipenda inaweza kukubali sehemu ya simyuleta, lakini isizidi saa 100, na ni saa za rubani aliye chini ya mafunzo. Kijana wetu ana 210. Zimebaki 1290. Akikaa kiti cha pili miaka miwili, usiku na mchana, daftari lake litasoma 210 vilevile. Mwenzake aliyekwenda kubeba watalii kwa ndege ndogo ya injini moja, au aliyekuwa mwalimu katika chuo cha urubani, atakuwa amempita mbali. Huko Marekani jambo hili lina uzito zaidi, kwani tangu mwaka 2013, kufuatia ajali ya Colgan Air ya mwaka 2009, hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lazima awe na leseni ya saa 1500, isipokuwa wachache waliopunguziwa kwa masomo au utumishi wa jeshi.

Basi kwa nini wako wanaoikubali kazi hii? Kwa sababu saa si kitu pekee. Rubani mwenye saa 210 za ndege ndogo hajawahi kuishi ndani ya chumba cha ndege kubwa. Akikaa kiti cha pili mwaka mmoja atakuwa ameona injini ikizimika wakati wa kuruka mara nyingi kuliko kapteni wengi watakavyoiona maisha yao yote. Atajua taratibu kwa moyo. Siku ya usaili wa shirika, ambao mara nyingi hufanyiwa katika simyuleta, hatatetemeka. Tena watahini na makapteni wanaomwona kila wiki ndio wanaoulizwa na mashirika yao, "Huko mmeona kijana anayefaa?" Sisi kwa maoni yetu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, ingawa haiandikwi popote.

Mkataba usomwe

Tulimshauri kijana aulize mambo haya kabla ya kutia saini. Je, kituo kitamlipia idhini ya aina ya ndege, na ikiwa ndiyo, atafungwa kwa miaka mingapi, na akiondoka mapema atalipa kiasi gani? Tumemjua kijana mmoja aliyesaini bila kuuliza, akapata nafasi katika shirika miezi minane baadaye, na deni la kuvunja mkataba likamzuia. Je, mshahara unatosha kukodi ndege ndogo walau mara moja kwa mwezi, ili mikono isisahau na saa ziongezeke kidogo kidogo? Leseni, cheti cha daktari na mitihani ya kila mwaka atalipia nani?

Na zamu. Mashine hizi ni ghali mno, hivyo katika vituo vikubwa hufanya kazi karibu saa zote, na mwajiriwa mpya ndiye anayepewa zamu ya saa nane usiku. Mama yake, ambaye alikaa kimya katika mazungumzo yote, aliuliza moja tu: Ijumaa itakuwaje? Tukamwambia hilo nalo liulizwe na liandikwe.

Kijana aliandika barua yake yenye maswali matano. Kituo kimejibu manne. Juu ya Ijumaa wamekubali kumpangia zamu ya asubuhi au ya jioni. Juu ya kifungo wamesema ni miezi 24. Kuhusu kiasi cha fidia bado hawajasema, na tulipokuwa tunapeleka kurasa hizi kwa mpiga chapa, kalamu yake ilikuwa bado haijagusa karatasi.