Sheria Imelegezwa, Je, Upendo Nao Umelegezwa?



 Leo tunajifunza kwa kupitia kitu ambacho wengi wetu tumekiacha chini kabisa ya droo: barakoa. Najua kuna mtu atasema, "Frateri, hayo si yalishapita?" Ni kweli. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Uviko-19 si tena dharura ya dunia. Lakini swali lililozaliwa wakati ule halijazeeka: serikali ikilegeza sharti, Mkristo anaishije siku inayofuata? Mwaka huohuo wa 2023 wenzetu wa Kagera walipambana na Marburg. Magonjwa hayajaaga dunia. Masharti yatakuja tena na yatalegezwa tena. Bora tujifunze sasa tukiwa tumetulia.

1. Tukio lenyewe

Twende kwanza kwa jirani zetu Kenya. Mgonjwa wao wa kwanza alitangazwa Machi 2020, na mwezi uliofuata kuvaa barakoa mbele za watu kukawa sheria. Aliyekiuka aliweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000 za Kenya au kufungwa hadi miezi sita. Si mchezo.

Halafu tarehe 11 Machi 2022, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba barakoa si lazima tena katika maeneo ya wazi. Sababu ilitolewa: kati ya waliokuwa wakipimwa, waliokutwa na virusi walikuwa wameshuka chini ya asilimia moja. Nyumba za ibada nazo ziliruhusiwa kujaza waamini kama zamani, kwa sharti kwamba wote wawe wamechanjwa. Kwa ndani ya majengo, watu walihimizwa waendelee kuvaa.

Hebu angalia vizuri hapo. Tangazo lilikuwa na sehemu mbili: nje, uko huru, ndani, endelea na tahadhari. Tofauti hiyo ina maana yake. Nje hewa inatembea na kutawanya kile tunachopumua. Ndani, hasa madirisha yakifungwa, hewa yangu inakuwa hewa yako. Lakini watu wengi walisikia sehemu ya kwanza tu. Barakoa zilishuka barabarani, na zikashuka hata ndani ya matatu zilizojaa.

Miezi mitatu baadaye kipimo kilikuwa kimepanda tena na kupita asilimia kumi, tena nchi ikiwa katika pilikapilika za kampeni za uchaguzi wa Agosti. Tarehe 20 Juni 2022 Waziri akarudisha barakoa kuwa lazima katika mikusanyiko ya ndani, vyombo vya usafiri, maduka makubwa na nyumba za ibada. Safari hii waliotii walikuwa wachache. Watu walikuwa wameshazoea kuwa huru.

2. Makundi mawili

Sharti linapolegezwa, popote pale duniani, hutokea makundi mawili.

Kundi la kwanza hushangilia, na hapo hakuna kosa. Shida huanza furaha inapogeuka kuwa dharau. Mtu anamwona mwenzake bado amevaa barakoa, anamcheka: "Wewe bado unaogopa tu? Imani yako iko wapi?" Hajui kwamba huyo anayechekwa pengine ana pumu, au anamuuguza mama mwenye kansa, au amezika ndugu wawili ndani ya mwezi mmoja.

Kundi la pili huendelea na tahadhari, na hapo pia hakuna kosa. Shida huanza tahadhari inapogeuka kuwa kiti cha hakimu. Kila asiyevaa anaonekana muuaji, mjinga, mtu asiye na Mungu. Naye hajui kwamba huyo anayemhukumu pengine amechanjwa, yuko nje kwenye hewa safi, na anafuata maelekezo yaleyale yaliyotolewa.

Kundi moja limeshika dharau na lingine limeshika hukumu. Na cha ajabu, yote mawili yanaweza kukutana kwenye benchi moja la kanisa, yakapokea Komunyo moja.

3. Mtume Paulo alishayaona haya

Fungua Biblia yako, Waraka kwa Warumi sura ya 14, kisha Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 8. Zisome mwenyewe, mimi nakueleza kwa ufupi tu.

Kule Korintho ugomvi ulikuwa juu ya nyama. Nyama iliyotolewa kwa sanamu iliuzwa sokoni. Wakristo wengine walisema sanamu si kitu, kwa hiyo nyama ni nyama tu, tule. Wengine dhamiri ziliwasumbua. Sasa Paulo, kwa hoja, anakubaliana na wale wa kwanza. Anajua kwamba sanamu si kitu. Lakini hawapigii makofi. Anawauliza: uhuru wako huo unamfanya nini ndugu yako aliye dhaifu? Kama chakula changu kinamwangusha yeye ambaye Kristo amemfia, afadhali niache nyama kabisa.

Na kwa Warumi anagawa dawa kwa pande zote mbili: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Si unaona? Ni yaleyale makundi yetu mawili. Paulo hapuuzi swali la nani ana haki. Anasema tu kwamba ukishajua una haki, bado hujamaliza. Limebaki swali la jirani.

4. Mtakatifu Thoma anatusaidia kufikiri

Waliosoma falsafa wanamjua Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa Theologiae anaeleza kwamba sheria ya kweli lazima itokane na akili, ilenge manufaa ya wote, itolewe na mwenye dhamana ya kuitunza jumuiya, na itangazwe. Kutokana na hapo tunapata mambo matatu.

*Kwanza, kubadili sheria si dhambi wala si udhaifu.* Hali ya watu ikibadilika, sheria nayo inaweza kubadilika. Sharti la barakoa lilikuwa na sababu. Sababu ikipungua, kuling'ang'ania ni kuwabebesha watu mzigo bure. Kwa hiyo Mkenya aliyevua barakoa barabarani tarehe 12 Machi 2022 hakufanya kosa lolote.

*Pili, sheria ya serikali haidai kila jambo jema.* Thoma anasema sheria ya binadamu hutungwa kwa ajili ya umati, na wengi katika umati si wakamilifu. Ndiyo maana hukataza hasa yale makubwa, yale ambayo jamii haiwezi kusimama yakiachwa. Sheria ni sakafu ya nyumba. Huwezi kusema umefika darini kwa sababu tu umesimama sakafuni. Polisi hawezi kukukamata kwa kutomtembelea mgonjwa, lakini Kristo atakuuliza. Kwa hiyo maneno "si lazima tena" hayana maana ya "haina faida tena". Maana yake ni kwamba serikali imekuachia wewe kazi ya kufikiri.

*Tatu, kila badiliko la sheria lina gharama.* Thoma anaona kwamba mazoea huisaidia sana sheria kutiiwa, hivyo ukibadilisha sheria unapunguza nguvu ya mazoea. Ndiyo maana anashauri sheria isibadilishwe mpaka faida iwe kubwa kuliko hasara hiyo. Wahenga wetu walisema kwa kifupi: mazoea yana taabu. Hapo ndipo unaielewa Juni 2022 ya Kenya. Sharti lilirudi kwenye karatasi, lakini mazoea hayakurudi nalo. Wale waliovaa kwa kuogopa faini tu, hofu ya faini ilipoondoka hawakubaki na sababu nyingine. Aliyevaa kwa ajili ya bibi yake hakuhitaji kukumbushwa na Waziri.

5. Na sisi Tanzania je?

Kwetu historia ilienda kwa njia yake. Juni 2020 nchi ilitangaziwa kwamba ugonjwa umeondoka kwa neema ya Mungu baada ya maombi, na maisha yakarudi kama kawaida. Ndoo za maji na sabuni zikaanza kukauka milangoni. Mwanzoni mwa 2021 tukaanza kusikia maneno "changamoto ya upumuaji", na misiba ikawa karibu karibu.

Wakati huo hakukuwa na faini wala askari wa barakoa. Nani basi alisema? Januari 2021 Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC), Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliandika kulikumbusha Kanisa kwamba nchi yetu haijajitenga na dunia, kwa hiyo tusali na pia tuchukue tahadhari. Mwanzoni mwa Machi, Katibu Mkuu wa TEC, Padre Charles Kitima, alisema kwamba ndani ya miezi miwili tu Kanisa lilikuwa limepoteza mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60. Soma namba hizo tena taratibu. Hao ndio waliotubatiza, waliotufundisha, waliotuuguza hospitalini.

Baadaye, tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, na chanjo zikaanza kutolewa nchini. Lakini miezi ile ya katikati inatufundisha jambo kubwa: dhamiri haingoji faini. Maaskofu hawakusema tuache sala tuvae barakoa, wala tuache barakoa tusali. Walisema vyote viwili. Imani Katoliki haigombanishi magoti na maji ya kunawa. Katekisimu, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu, na tunapaswa kuzitunza kwa busara tukijali pia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote.

6. Tufanye nini basi?

Tuseme kesho masharti fulani yanalegezwa. Kabla ya kushangilia au kulaumu, jiulize mambo manne:

- Sababu ni ipi? Soma tangazo lote, usiishie kichwa cha habari kilichorushwa kwenye grupu la WhatsApp.
- Nipo wapi? Uwanjani si sawa na ndani ya basi lililojaa. Huku kwetu upande wa Mbinga, baridi ya Juni na Julai inafanya tufunge madirisha hata kanisani. Kufungua dirisha moja ni tendo la upendo pia.
- Nani yuko jirani yangu? Kama ni mzee, mjamzito au mgonjwa, uhuru wangu usimsogelee kwa nguvu. Na kama mimi ndiye ninayekohoa, nijifunike au nikae mbali kidogo. Hata kifua kikuu kinatudai adabu hiyo.
- Moyoni nina nini? Nikimwona mwenzangu amechagua tofauti na mimi, je, nimeshika dharau au hukumu? Vyote viwili nivitue.

Pia tusiwaachie viongozi kila kitu. Vijana wa VIWAWA na TYCS, ninyi ndio mnaobeba viti, mnaopanga watu mlangoni. Mzee akifika amevaa barakoa wakati wote wameacha, mpokee kwa tabasamu, mtafutie nafasi penye hewa. Akikutolea amani ya Kristo kwa kuinamisha kichwa tu bila mkono, nawe inamisha kichwa. Amani ya Kristo haijapungua hapo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni wema gani nilioufanya wakati wa korona kwa sababu ya hofu ya kulazimishwa, na ni upi niliufanya kwa upendo? Upi umebaki mpaka leo?
2. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, nani "dhaifu" ambaye uhuru wetu unamsahau?
3. Nikimwona mtu anachukua tahadhari ambayo mimi siioni ya lazima, huwa nasema nini?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyewagusa wenye ukoma na hukuwaonea kinyaa, utufundishe kuutumia uhuru wetu kwa upendo. Utuondolee dharau tunapokuwa na nguvu, na hukumu tunapokuwa na hofu. Uwapokee mapadre, watawa na ndugu zetu wote waliotutoka wakati wa ugonjwa ule. Na sharti linapoondoka, usiuache moyo wetu uondoke kwa jirani. Amina.

Tukutane katika somo lijalo. Niombee, nami nakuombea.

Frateri wako, Kingerikiti.