Je, Denis Akisilimu Abadili Jina?

Ndugu msomaji, katika Tandahimba, na Newala na Masasi vilevile, si ajabu kumkuta mtu aitwaye Denis au Dionisi. Mtu huyo, Mwenyezi Mungu akimfungulia moyo kuujua Uislamu, jamaa zake huweza kumwuliza: Sasa utaitwa nani? Wengine huogopa kusilimu kwa sababu ya swali hilo tu.

Asili ya jina hilo ni Kiyunani. Miongoni mwa miungu ya Wayunani wa kale alikuwapo Dionysus, aliyedaiwa kuwa mwana wa Zeus na mungu wa mvinyo. Na Dionysius maana yake ni mtu wa Dionysus. (Sisi tukaao penye mikorosho, tunaoyajua madhara ya uraka wa mabibo, hatuna haja ya kuelezwa ibada hiyo ilizaa nini.) Hata hivyo Biblia yamtaja Dionisio wa Athene aliyeamini mahubiri ya Paulo (Matendo 17:34), wala hatusomi kwamba alibadilishwa jina. Baadaye likawa jina la askofu wa Paris aliyekatwa kichwa katika karne ya 3, nao Wafaransa wakalitamka Denis. Kwetu Afrika ya Mashariki likapata nguvu mpya kwa Denis Ssebuggwawo, kijana wa jumba la Kabaka Mwanga, aliyeuawa mwaka 1886, na ambaye Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake mwaka 1964. Basi mzazi amwitaye mwanawe Denis hamkusudii Dionysus hata kidogo. Amkumbuka shahidi wa Uganda, au babu wa mtoto.

Mtume Muhammad s.a.w. alipima majina kwa maana zake. Sahaba Abu Huraira, kama ilivyopokewa, aliitwa Abdu Shams, yaani mtumwa wa jua. Naye akapewa jina la Abdur Rahman. Lakini Umar, Bilal na Khadija walipewa majina yao zama za ujahiliya, na wakabaki nayo. Ama miungu yenyewe, Qurani Tukufu yafundisha kwamba Lata, Uzza na Manata ni majina matupu waliyoyatunga watu na baba zao (53:24). Dionysus naye ni vivyo hivyo.

Tena, masharti kumi ya baiati aliyoyatangaza Seyidna Ahmad a.s. mwaka 1889 hayamo sharti la kubadili jina. La kwanza ni kujiepusha na shirki. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa Meya wa Dar es Salaam mwaka 1960, hakulitupa jina la Kaluta, ingawa si la Kiarabu.

Kwa hiyo, ndugu Denis, kusilimu kwako hakungoji jina. Lakini kwa kuwa maana yake yamnasibisha mtu na sanamu, naona ni vyema ukajichagulia jina jingine kwa hiari yako. Kwa Wamakonde jambo hili si geni: kijana atokaye jandoni hupata jina jipya, na kumwita kwa lile la utotoni ni kumvunjia heshima.

Jina la baba yako lisiguswe. Qurani yaamuru watu waitwe kwa baba zao (33:6); kama mzee aitwa Dionisi, wewe ni Yusufu bin Dionisi, hata mbele ya Imamu siku ya ndoa yako.