Faili jipya si lazima liwe sahihi

Barua za safari hii zinatoka Sofu, Kibaha mjini na Kisarawe, kwa wanaoandaa majarida ya shule, kalenda za vikundi na vitabu vya kumbukumbu. Nyingi zinalalamikia jambo moja, hivyo nimeziunganisha.

SWALI: Mhariri na msanifu wetu hutumiana faili la InDesign kwa WhatsApp. Leo linaitwa "mwisho", kesho "mwisho kabisa", keshokutwa "mwisho kabisa 2". Tupeleke lipi kiwandani? Si lile lenye tarehe ya karibuni?

JIBU: Hiyo imani ya tarehe ndiyo inayowaponza. Tarehe inaonyesha faili lilihifadhiwa lini, haionyeshi limebeba nini. Mhariri akichukua nakala ya Jumatatu akasahihisha majina ya wahitimu, na msanifu akachukua nakala ileile akabadili jalada, Jumanne mna mafaili mawili na yote yana upungufu. Kama msanifu ndiye aliyehifadhi baadaye, mkifuata tarehe jalada litakuwa zuri na majina yatachapwa na makosa yaleyale. Tena faili la wiki iliyopita likipakuliwa leo asubuhi, mara nyingi hubeba tarehe ya leo. Na InDesign haiunganishi kazi za watu wawili waliohariri nakala mbili tofauti za waraka mmoja. Itabidi mtu akae alinganishe mstari kwa mstari.

Kwa hiyo ulizeni kwanza faili liko mikononi mwa nani. Programu yenyewe imejengwa hivyo: ukifungua waraka, inaweka kando yake faili dogo la kufuli lenye mkia wa .idlk, ili mwenzako kwenye mtandao huohuo wa ofisi asiuhariri kwa wakati mmoja nawe. Adobe wana pia InCopy, ambamo mhariri huchukua habari moja, akaisahihisha na kuirudisha, huku msanifu akiendelea na kurasa. Kufuli hilo halisafiri kwa WhatsApp wala kwa flashi. Kwenu basi kufuli ni makubaliano: faili la kurasa analigusa msanifu peke yake, mhariri anapewa PDF na kuandika masahihisho yake humo. Kila duru ipewe namba, 01, 02, 03, na nakala za zamani zihamishiwe folda yake. Neno "mwisho" lisitumike kabisa.

Mtasema mhariri anacheleweshwa kwa ajili ya neno moja tu. Anacheleweshwa, ndiyo. Lakini neno moja huweza kusukuma mstari, na mstari ukasukuma aya hadi ukurasa wa pili, na anayeona hayo ni msanifu. Wanaodhani kosa dogo halina gharama wakumbuke vitabu vya kiada vyenye makosa vilivyojadiliwa bungeni mwaka 2017. Kikishachapwa, hakuna tena cha kuhifadhi upya.

SWALI: Tukiweka faili Google Drive au Dropbox, tatizo si limekwisha?

JIBU: Halijaisha. Intaneti ikisuasua, kufuli huchelewa kumfikia mwenzako, na Dropbox ikikuta watu wawili wamebadili faili moja hutengeneza nakala ya pili, mkarudi mlikoanzia. Faida yake ni kwamba hata huduma yake ya bure hutunza matoleo ya nyuma kwa siku 30. Itumieni kama ghala, msiifanye mhariri mkuu.

SWALI: Fundi anatuuzia programu ya kuunganisha mafaili yote kuwa moja.

JIBU: Msimpe hela.

SWALI: Je, tubaki na flashi moja tu?

JIBU: Ikipotea kwenye daladala, jarida limepotea.

SWALI: Faili letu halifunguki kwenye kompyuta ya mchapaji.

JIBU: Yamkini InDesign yake ni ya zamani kuliko yenu. Mnaweza kumhifadhia kama IDML, ila kagueni kila ukurasa kwa sababu mistari huhama. Afadhali apelekewe PDF, ileile ambayo mhariri ameisoma yote na kuitia saini. Bila saini hiyo, msilipie uchapaji.