Mama Anapokonda Kupita Kiasi

Wapendwa wanandoa, wembamba si ugonjwa. Wengine wameumbwa hivyo. Lakini uzito ukipungua mno, mwili hukosa akiba. Kabla ya mimba, pimeni hivi: zidisha urefu kwa mita mara urefu huohuo, kisha gawanya kilo kwa jibu hilo. Ukipata chini ya 18.5, uzito hautoshi. Kwa mama wa mita 1.60, hiyo ni chini ya kilo 47 hivi.

Mama huyo aweza kupungukiwa damu, mifupa kudhoofika, hedhi kukatika na mimba kuchelewa. Akishika mimba, huenda mtoto akazaliwa kabla ya wakati, au bila kufikia kilo 2.5.

Nawe bwana, jioni ya leo tazama: nani hupakuliwa mwisho? Mara nyingi mama huwagawia wote, naye akabaki na ukoko. Mpakulie kwanza. Githeri, omena, mayai, parachichi na uji wa maziwa vitamfaa.

Akikonda ghafla bila sababu, msilaumiane. Nendeni zahanati pamoja, kwani huenda ni kifua kikuu, kisukari au maradhi mengine yanayohitaji matibabu mapema.