Spika kwanza, waya mwisho: namna ya kutumia pesa ya muziki nyumbani ukiwa Pweto

Mwezi wa Mei 2024 bei ya shaba katika soko la London ilipita dola 10,000 kwa tani. Ukigawanya, kilo moja ni dola 10 na kitu. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu tuko Haut-Katanga, na mtu wa Katanga ni aibu kudanganywa kwa shaba. Chukua waya wa spika wenye urefu wa mita 5, njia mbili, kila njia ikiwa na unene wa milimita mraba 2.5. Ndani yake mna shaba ya gramu 224 hivi, mali isiyofika dola 3. Waya wa urefu huohuo, ukivishwa nyuzi za kusukwa na kulazwa ndani ya sanduku zuri, unauzwa Ulaya na Marekani kwa dola elfu moja, na wakati mwingine kwa maelfu, muuzaji akieleza kwamba shaba yake ni safi kupita kawaida. Lakini shaba ya daraja la kwanza inayopokelewa katika soko lile la London ina usafi unaozidi asilimia 99.99, na kufikia usafi wa namna hiyo ndiyo kazi ya elektrolisisi, jambo ambalo Likasi na Kolwezi wanalijua tangu zamani. Ukinzani wa waya ule wa kawaida, kwenda na kurudi, ni kama omu 0.07 mbele ya spika ya omu 8. Sauti inayopotea njiani haifiki moja ya kumi ya desibeli, na kiasi hicho sikio halikioni. Cha kuogopa sokoni ni kingine kabisa: waya wa alumini uliopakwa shaba juu juu. Kwangua ncha kwa kisu; ukiona weupe ndani, dai bei ya alumini.

Ninachotetea kinatokana na hesabu hiyo. Katika vyombo vya muziki vya nyumbani, pesa iende pale ambapo sauti inabadilika zaidi. Haibadiliki ndani ya waya. Ndani ya amplifaya nzuri inabadilika kidogo sana: upotofu wake huwa chini ya asilimia 0.1, na tofauti kati ya noti nene na noti nyembamba ni sehemu ndogo ya desibeli. Spika ni jambo lingine, kwa kuwa hapo umeme unalazimishwa kusukuma karatasi, na karatasi inasukuma hewa. Spika inayosifiwa bado hupanda na kushuka desibeli 3 kutoka noti hadi noti, na upotofu wake kwenye besi unaweza kufika asilimia kadhaa. Kisha sauti hiyo inaingia chumbani, na chumba kinaiharibu kuliko vyombo vyote vilivyotangulia. Kwetu kuna jambo la tatu ambalo magazeti ya wapenzi wa sauti huko Ulaya hayana haja ya kulizungumza: umeme wenyewe unatoka wapi.

Kuhusu spika, utafiti bora ninaoujua ni wa Floyd Toole, aliyeanza kazi hiyo katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, na mwenzake Sean Olive. Baadaye wote wawili walifanya kazi katika kampuni ya Harman. Waliwaweka watu mbele ya pazia, wakabadilisha spika nyuma yake, wakauliza ipi inapendeza. Waliozoea kusikiliza kitaalamu na wasiozoea walielekea kuchagua spika zilezile: zile ambazo vipimo vyake vinaonyesha sauti iliyo sawasawa, isiyotia chumvi kwenye besi wala kupiga kelele juu. Mwaka 1994 Toole na Olive walionyesha jambo lingine linalouma. Pazia lilipoondolewa na watu wakaona ukubwa, umbo na jina la spika, maksi zao zilibadilika. Kwa hiyo ukitaka kununua, omba mchoro wa vipimo kabla ya kusikia hadithi. Usisome wati zilizoandikwa kwenye karatoni. Redio ndogo inayodai wati 1,000 inaandika ndoto. Soma desibeli ambazo spika inatoa kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Kupanda kutoka wati 50 hadi 100 kunaongeza desibeli 3 tu, wakati spika ya desibeli 91 badala ya 88 inakupa ongezeko hilohilo bila kuongeza umeme hata kidogo. Kisha angalia besi inashuka hadi wapi. Uzi mnene kabisa wa gita la besi unatetema mara 41 kwa sekunde. Anayependa rumba na spika yake inaishia 80 hasikii besi yenyewe, anasikia kivuli chake.

Namba hiyo ya 41 inatuingiza chumbani. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, wimbi la kwanza linalonaswa kati ya kuta mbili ni lile la mitetemo 43 kwa sekunde, karibu kabisa na uzi ule mnene wa besi. Ukikaa kichwa chako kikigusa ukuta wa nyuma, noti hiyo itanguruma kupita zote. Ukikaa katikati kabisa ya chumba, itatoweka, na utamlaumu mpigaji bure. Dawa yake haina bei. Sogeza kiti hadi theluthi ya chumba, sogeza spika mbali na pembe, sikiliza tena. Nyumba zetu nyingi zina kuta za matofali, sakafu ya saruji na mabati juu bila dari. Sauti za juu zinagonga na kurudi hadi maneno ya mwimbaji yanavurugika. Kapeti nene mbele ya spika, pazia zito, godoro lililoegemezwa ukuta wa nyuma, dari ya mbao nyembamba kama uwezo upo: vitu hivyo vitabadilisha sauti kuliko amplifaya yoyote ya bei mara kumi. Kaza na misumari ya bati. Besi ikilitikisa, bati linaimba wimbo wake lenyewe.

Sasa umeme. Nyumba nyingi za Pweto zinaishi kwa paneli za jua, batri na jenereta, na hata Lubumbashi penyewe delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, imezoeleka. Katika ulimwengu wa vyombo ghali, amplifaya inayoheshimiwa kupita zote ni ile ya daraja A, ambayo inameza wati 200 au 300 hata muziki ukiwa umenyamaza. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inashika wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu. Zinabaki 600. Toa kinachopotea ndani ya inveta, na mashine hiyo ya kifahari imekupa muziki wa saa mbili, pengine pungufu. Upande wa pili kuna amplifaya za daraja D, ambazo karibu umeme wote unaoingia unafika kwenye spika. Kipande cha elektroniki kama TPA3116 cha Texas Instruments kinakubali umeme wa moja kwa moja kuanzia volti 4.5 hadi 26, maana yake unakifunga kwenye batri bila inveta yoyote. Usisahau fyuzi. Kwa volti 12 kitatoa kama wati 9 safi kwa kila spika ya omu 8. Mtu atacheka: wati 9! Lakini kwenye spika ya desibeli 88, wati 9 zinafika desibeli 97 kwa umbali wa mita moja. Hazitoshi kwa harusi uwanjani. Sebuleni zinatosha kabisa. Tena ukiondoa inveta ya bei rahisi unaondoa na ule mngurumo wake ambao watu wanatafuta kuuponya kwa kununua waya ghali. Na ukiwasha jenereta dirishani, ukimya ambao chombo ghali kingekuonyesha umekwisha kuuzika mwenyewe.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni hili: “Mimi ninasikia tofauti, na masikio yangu si ya kukopa.” Silikatai hata kidogo. Nasema tu kwamba chombo kikilia kwa nguvu zaidi hata nusu desibeli, sikio halitambui ukubwa, linatambua uzuri. Basi pima. Pata sauti moja tulivu ya mitetemo 100, kwa kuwa kipimio cha volti cha bei rahisi hukosea kwenye noti za juu, weka kipimio kwenye ncha za spika, na rekebisha amplifaya zote mbili hadi volti zitofautiane chini ya asilimia 1. Kisha mtu mwingine abadilishe bila wewe kuona, akirusha sarafu kuamua, na uandike jibu mara 16. Ukipata 12 au zaidi, kubahatisha tu kungekufikisha hapo chini ya mara 4 katika 100, na mimi nitakuamini. Ukipata 8 au 9, weka pesa mfukoni.

Pingamizi la pili linahusu mafaili ya sauti ya kiwango cha juu, yale yanayodai kuipita CD ya mwaka 1982. E. Brad Meyer na David Moran walilijaribu na kuchapisha matokeo mwaka 2007: walipitisha sauti hiyo ya juu katika kiwango cha CD, wakauliza wasikilizaji kama wanaona tofauti. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, kama sarafu iliyorushwa. Kwa muziki wetu hoja ina nguvu zaidi. Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville mwaka 1952, Likasi ya leo, ilikuwa sauti na gita katika njia moja tu, na kilichoingia kwenye rekodi ile ndicho kilichopo. Hakuna faili kubwa litakaloongeza uzi kwenye gita lake. Pesa ya kutafuta nakala safi, iliyohamishwa kwa uangalifu kutoka kwenye sahani ya asili, badala ya faili lililobanwa mara tatu na kupitishwa simu hadi simu, hiyo utaisikia siku hiyohiyo.

Pingamizi la tatu nalikubali karibu lote: vyombo ghali hudumu. Amplifaya nzito yenye transfoma kubwa na transista zilizotenganishwa inaweza kufunguliwa na kutengenezwa baada ya miaka 30. Kibao kidogo cha daraja D kikiungua, kinatupwa. Pia kuna anayenunua kwa sababu mashine ni nzuri kuitazama na wageni wanaiona. Ni haki yake, ilimradi bei hiyo aihesabu kama ya fanicha. Ila kudumu kunapatikana bila kulipa bei ya dukani. Nunua mashine ya zamani iliyotumika, ya kampuni iliyotengeneza nyingi, na ile tofauti iweke kwenye spika na kwenye batri ya pili. Safari ya kutoka Lubumbashi wakati wa mvua si mchezo, kwa hiyo spika zisafiri nyuso zikitazamana na povu katikati. Na kabla ya kulipa, muulize fundi atakayekutengenezea kama transista za mwisho za mashine hiyo bado anazipata. Akisema hapana, punguza bei hadi nusu au iache hapo ilipo.