Kumsahihisha Anayeanza Kuchora: Mistari, Duara na Maboksi

Mwalimu wa sanaa anajibu maswali ya wasomaji.

Mwalimu, mdogo wangu ameniletea kurasa za mistari, duara na maboksi. Nianze kuangalia wapi?

Anza na mistari, hata kama maboksi ndiyo yanayovuta macho. Mstari ukiungwaungwa kwa vipande vifupi, ujue mkono unaogopa: anachora kidogo, anasimama, anakagua, anaendelea. Mistari yote ikipinda upande mmoja, anazungusha kifundo cha mkono tu. Mwambie mkono wote uende kutoka begani. Aweke nukta mbili, apitishe penseli hewani juu yake mara kadhaa, ndipo aguse karatasi na kuvuta mara moja. Mstari ulionyooka ukapita nukta ya mwisho usiulaumu. Mimi naupenda kuliko ule uliofika kwa kutetemeka, maana shabaha huja kwa mazoezi.

Midomo ya vikombe anavyochora ina ncha kali pembeni.

Azungushe duara la mdomo huo mara mbili bila kuinua penseli, na ncha zitalainika. Kisha apige mstari katikati na kutazama kama nusu mbili zinalingana.

Maboksi yananishinda hata mimi. Nitajuaje lilipo kosa?

Chukua rula na kalamu ya rangi nyingine. Boksi lina kingo 12, katika makundi matatu ya kingo nne nne. Refusha kila kundi kuelekea upande unaokwenda mbali na mtazamaji. Kingo hizo nne zinatakiwa zisogeleane, zielekee mahali pamoja. Zikiachana, boksi litaonekana pana nyuma kuliko mbele, na hapo hata asiyejua kuchora atahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Chunguza hasa kona ya nyuma iliyofichika: kwa kawaida huchorwa mwisho, kwa hiyo makosa yote yaliyotangulia hukusanyika pale. Mwonyeshe kwenye boksi moja tu, mengine ayapime mwenyewe. Akishajua kujipima hatakusubiri wewe.

Nimwambie makosa mangapi kwa mara moja?

Moja, lile linalozaa mengine. "Safi sana" haimfundishi kitu, na "rudia yote" humvunja moyo. Weka kidole kwenye mstari wake mzuri kuliko yote, umuulize: huu uliuvutaje? Mara nyingi atakumbuka kwamba hakusita. Na tafadhali, usichore juu ya kazi yake. Chora pembeni, kwenye karatasi nyingine.

Amechoka na maboksi, anataka kuchora nyuso.

Mruhusu, nusu ya muda iwe ya nyuso. Ila mazoezi ya msingi si adhabu ya watoto. Vincent van Gogh alipoamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, alinakili michoro ya mafunzo iliyotayarishwa na Mfaransa Charles Bargue. Mwaka 1890, mwaka aliofariki, alimwandikia mdogo wake Theo akiomba apelekewe tena mazoezi ya Bargue.

Karatasi zilizokwisha tuzitupe?

Hapana! Andikeni tarehe kwenye kila moja na mzihifadhi kwa mpangilio. Baada ya miezi mitatu zitandazeni mezani, za kwanza na za mwisho, na umwache yeye ndiye azisahihishe.