Prosesa na Kadi ya Picha: Nani Anamngoja Mwenzake?

Mhariri ameniomba nieleze jambo ambalo wanachama wa Chama cha Kompyuta wamekuwa wakiniuliza tangu Siku ya Wanafunzi wa Zamani ya Oktoba 2024. Jambo lenyewe ni hili: mtu akitaka kompyuta yake icheze michezo vizuri, anunue kadi kubwa ya picha, au anunue prosesa kubwa? Nimekubali kuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, somo lina faida. Ya pili, nina deni. Mimi ndimi niliyewashauri wazee wetu kununua kitu ambacho hakikuwa na haja, nao wana haki ya kujua kosa lilikuwa wapi.

Wengi mnakumbuka habari ile. Wanafunzi wa zamani walituma mchango ili siku yao iwe na shindano la kandanda ya kompyuta, wao kwa sisi. Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, iliyotoka katika ofisi fulani, nayo ilikuwa ikionyesha picha za kukwamakwama. Mwalimu mlezi wa chama aliniuliza tununue nini. Nami bila ya kupima chochote nikajibu upesi, "Kadi ya picha, Mwalimu. Mchezo ni picha." Ikanunuliwa. Siku ilipofika, ukumbi ukajaa, mchezo ukafunguliwa, na picha zikakwamakwama vile vile. Mzee mmoja aliyeshika kidude cha kuchezea akanigeukia akasema, "Kijana, mbona mchezaji wangu anakimbia kama mtu apandaye ngazi?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua ya kuwa fedha ile ilitoka kwa watu wenye ada za watoto wao za kulipa.

Basi tuanze somo. Picha inayotembea katika kioo si picha moja, bali ni picha nyingi zinazofuatana upesi. Zikiwa 30 kwa sekunde, kila moja ina muda wa milisekunde 33 hivi wa kutengenezwa, yaani sehemu 33 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Zikiwa 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 17 hivi tu. Muda huo ukipita kabla picha haijawa tayari, jicho huona mkwamo.

Kila picha hupita katika mikono ya wafanya kazi wawili. Wa kwanza ni prosesa. Yeye huamua mpira uko wapi, kila mchezaji anakwenda upande gani, nani amegongana na nani, na kidole chako kimebonyeza nini. Kisha huandika orodha ya maagizo: chora huyu hapa, chora yule pale. Wa pili ni kadi ya picha. Yeye huipokea orodha na kupaka rangi kila nukta ya kioo, pamoja na nuru na vivuli vyake.

Kumbukeni likizo tulipopaka rangi mabweni. Alikuwapo fundi mmoja mwenye kamba na penseli, na vijana wengi wenye brashi. Fundi alipima ukuta na kuandika rangi gani iende wapi, vijana wakapaka. Vijana walipokuwa wakipaka ukuta wa kwanza, fundi alikuwa akipima wa pili. Kwa hiyo mwendo wa kazi yote haukuwa jumla ya muda wa fundi na muda wa vijana, bali ulikuwa mwendo wa yule aliyechelewa zaidi. Fundi akichelewa, vijana huketi juu ya ndoo zao wakingoja. Vijana wakichelewa, fundi ndiye aketiye.

Prosesa ni fundi yule, na kadi ya picha ni vijana wale. Tufanye hesabu. Ikiwa prosesa inatumia milisekunde 20 kutayarisha kila picha, na kadi inatumia 10 kuipaka, utapata picha ngapi? Kadi peke yake ingeweza kutoa 100 kwa sekunde, lakini utapata 50 tu, maana prosesa haiwezi kutoa orodha zaidi ya hizo. Sasa nunua kadi nyingine yenye nguvu maradufu, inayotumia milisekunde 5. Utapata ngapi? Hamsini zile zile. Umeongeza vijana wa kuketi juu ya ndoo. Hivi ndivyo nilivyofanya na fedha ya wazee.

Lakini jihadharini, msitoke hapa mkidhani ya kwamba prosesa ndiyo bwana siku zote. Ukubwa wa picha hubadili mambo. Kioo cha nukta 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600. Kioo cha 3840 kwa 2160 kina nukta 8,294,400, yaani mara nne kamili. Ukuta umekuwa mkubwa mara nne, na vijana wana kazi nyingi zaidi. Lakini fundi hana kazi mpya ya maana, kwa kuwa wachezaji ni wale wale na mpira ni ule ule. Kadi iliyokuwa ikitumia milisekunde 10 sasa huenda ikatumia karibu 40, na picha zikashuka hadi 25 kwa sekunde. Hapo hata ukileta prosesa bora duniani hutaona tofauti.

Na mchezo wenyewe hubadili mambo. Katika Cities: Skylines, mchezo wa kujenga mji uliotoka mwaka 2015, prosesa hufuata safari za wakazi na magari, mji unapokua, fundi ndiye atokwaye jasho. Counter-Strike 2, ya mwaka 2023, ikichezwa na mapambo yamepunguzwa ili kupata picha nyingi sana kwa sekunde, nayo huitegemea sana prosesa. Lakini Cyberpunk 2077, ya mwaka 2020, ukiifungulia ile njia ya kufuata miale ya nuru, kadi hulemewa mno. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Prosesa hii na kadi ile hazipatani kwa asilimia fulani," muulize kwanza: katika mchezo gani, na katika kioo gani? Asipoweza kujibu, asilimia yake haina maana.

Sasa nieleze jinsi nilivyolipata kosa langu, maana njia hii kila mmoja wenu aweza kuitumia bila ya kununua kitu.

Jumatatu baada ya sherehe nilifungua mchezo ule ule, nikaweka hesabu ya picha ionekane pembeni mwa kioo. Kwa nukta 1920 kwa 1080 nilipata picha 34 kwa sekunde. Kisha nikapunguza ukubwa hadi 1280 kwa 720, ambao ni nukta 921,600, chini ya nusu ya zile za kwanza. Nikajiambia, kama kadi ndiyo inayochelewesha, sasa picha zitaongezeka sana, kwa kuwa ukuta umepungua. Zikawa 35. Nilistaajabu, kisha nikaona haya. Ukuta ulipunguzwa zaidi ya nusu na kazi haikwenda mbio. Basi aliyechelewa alikuwa fundi.

Nilithibitisha kwa njia ya pili. Katika Windows 10 na 11 kuna ukurasa wa Task Manager unaoonyesha jinsi kadi inavyofanya kazi. Kadi ikiwa karibu na asilimia 100, yeye ndiye anayechelewesha. Kadi yetu mpya ilikuwa asilimia 50 hivi. Nusu ya muda ilikuwa imeketi. Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, huenda mchezo umewekewa mpaka wa picha, kwa mfano 60, na kadi ikapumzika kwa sababu hiyo tu. Ondoa mpaka kabla ya kupima. La pili, hesabu ya prosesa hudanganya. Prosesa ya siku hizi ina viini kadhaa, na kila kiini hufanya kazi yake. Mchezo ukiwa na kazi moja kubwa isiyogawanyika, kiini kimoja hulemewa na vingine hukaa, na jumla itaonyesha labda asilimia 40. Usiseme, "Prosesa bado ina nafasi." Kiini kimoja kilicholemewa chatosha kuchelewesha mchezo wote.

Hapo ndipo wengine hukosea kununua prosesa kwa kuhesabu viini tu. Kampuni ya AMD ilitoa Ryzen 7 5800X mwaka 2020, yenye viini 8 na akiba kubwa ya ndani ya megabaiti 32. Mwaka 2022 ikatoa 5800X3D, yenye viini 8 vile vile, na mwendo wa saa uliopungua kidogo, lakini akiba ya ndani ya megabaiti 96. Katika michezo mingi hii ya pili huishinda ya kwanza. Sababu ni kwamba fundi aliye na vifaa vyake karibu hana haja ya kwenda stoo mara kwa mara.

Turudi kwenye kompyuta yetu. Prosesa yake ilikuwa ya mwaka 2011, yenye viini 2. Katika stoo ya shule ilikuwapo kompyuta nyingine ya ofisi, ya mwaka ule ule, iliyokufa ubao wake, lakini prosesa yake ya viini 4 ilikuwa nzima, nayo inaingia katika tundu la aina ile ile. Kwa ruhusa ya Mwalimu tukaihamisha, tukapaka dawa mpya ya kupitisha joto, tukafunga feni. Hatukulipa kitu ila hiyo dawa. Tukapima tena. Kwa nukta 1920 kwa 1080 tukapata picha 52. Kwa 1280 kwa 720 tukapata 63. Mnaona? Sasa kupunguza ukuta kunasaidia. Kadi ilipanda hadi asilimia 97. Mngojwaji amebadilika: sasa fundi ndiye anayewangoja vijana, na kadi ya wazee hatimaye inafanya kazi iliyonunuliwa kufanya.

Kutokana na hayo nimepata mafundisho manne.

Kwanza, hapana jozi isiyo na mngojaji. Siku zote mmoja atamngoja mwenzake kidogo. Usitafute usawa kamili; tafuta nani anachelewesha katika mchezo wako na kioo chako.

Pili, pima kabla ya kununua. Punguza ukubwa wa picha. Zikiongezeka sana, kadi ndiyo inayochelewesha, na kupunguza vivuli na mapambo kutakufaa bure. Zisipoongezeka, kasoro i katika prosesa au kumbukumbu yake. Hapo tazama pia kama kompyuta ina kijiti kimoja tu cha kumbukumbu. Katika kompyuta nyingi vijiti viwili vilivyowekwa katika matundu yanayostahili huipa prosesa njia mbili za kuchotea badala ya moja.

Tatu, kadi hukaa katika nyumba ya watu. Tundu la kadi hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wake kutoka katika kisanduku cha umeme, na kompyuta nyingi za ofisi hazina waya huo. Kwa ajili hiyo kadi kama GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, ambayo kwa kawaida hutosheka na zile wati 75, imependwa sana na wenye kompyuta kama yetu. Na tazameni njia za ubao. Radeon RX 6500 XT ya mwaka 2022 hutumia njia 4 tu kuzungumza na prosesa. Katika ubao mpya si neno, lakini katika ubao wa zamani, ambao kila njia yake ni nyembamba, hupoteza sehemu ya nguvu zake.

Nne, fikiri wapi utacheza. Kama kioo chako huonyesha picha 60 tu kwa sekunde, hakitakuonyesha 140 hata mashine ikizitoa. Fedha inayobaki ina kazi nyingine.

Wazee wetu, nimewaandikia haya ili mjue fedha yenu haikupotea, bali ilitangulia mahali pasipokuwa tayari kuipokea. Mwaka huu mmeuliza tena chama kinahitaji nini. Safari hii sikujibu upesi. Tumezipima kompyuta zote sita, na karatasi ya hesabu iko kwa Mwalimu. Nne kati yake hazihitaji kadi yoyote. Zinahitaji kijiti cha pili cha kumbukumbu, basi. Moja yatosha kama ilivyo. Ya sita imechoka kabisa, na ushauri wangu ni kwamba msitumie hata senti moja juu yake.

Nanyi wadogo zangu mtakaoshika chama hiki nikishamaliza mtihani wangu, mkiulizwa swali na mtu mwenye fedha mkononi, msione haya kusema, "Mzee, tupe siku mbili tupime kwanza." Mimi ningalisema hivyo, nisingalikuwa na deni hili la kuandika. Shindano la marudio litakuwa siku ya wazee ijayo, na yule mzee wa ngazi amekwisha kutuma salamu kwamba kiti chake kiwekwe mbele.

Mwanafunzi wa Senior Six,
Chama cha Kompyuta